Wasee wa Jets, shida si kwotabeki. Nyumba ndiyo inavuja

Ukidhani ni mashabiki wa Man United na Arsenal pekee wanaoweza kukesha wakisajili wachezaji kwa mdomo, basi hujakutana na mashabiki wa New York Jets. Hao jamaa wameanza kupanga drafti ya Aprili 2026 huko Pittsburgh na msimu wa 2025 haujafika hata Krismasi. Kila mmoja ana mpango wake: zamu gani itolewe, timu gani ipigiwe simu, kijana yupi wa chuo aletwe kuwa kwotabeki. Ukimkosoa asubuhi, jioni anarudi na mpango mwingine, tena mkubwa kuliko wa kwanza.

Ukweli usemwe, hawaoti bure. Novemba 4, siku ya mwisho ya timu za NFL kubadilishana wachezaji katikati ya msimu, Jets waliuza mastaa wao wawili wa ulinzi. Sauce Gardner akaenda Indianapolis Colts. Quinnen Williams akaenda Dallas Cowboys. Walirudishiwa mchezaji mmoja kutoka kila upande, lakini mali yenyewe ilikuwa zamu za kuchagua vijana. Colts walitoa zamu zao za raundi ya kwanza za 2026 na 2027. Cowboys wakatoa zamu ya raundi ya pili ya 2026 na ya raundi ya kwanza ya 2027.

Jumlisha hizo na zamu zao wenyewe. Jets sasa wana zamu tano za raundi ya kwanza katika drafti mbili. Kwa timu ambayo haijaingia mchujo tangu msimu wa 2010, hiyo ni kama kuamka ukute salio ambalo hukuwa nalo jana.

Na wewe unajua kile binadamu hufanya akikuta salio la ghafla. Anatafuta kitu kimoja kikubwa cha kununua.

Hapo ndipo mjadala umewaka. Je, Jets wazifunge hizo zamu pamoja, wapande hadi kileleni mwa drafti, wamchukue kwotabeki wa ndoto zao? Mashabiki wengi wanasema ndiyo, tena haraka. Mimi nasema wakae nazo, na nitakuonyesha kwa nini.

Drafti ni chama, na zamu inauzwa

Twende polepole kwa ajili yako wewe unayeijua futiboli ya Marekani kupitia Super Bowl tu, ile inayoanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu kwetu, ukiwa na kazi asubuhi.

NFL ina timu 32. Kijana akitoka chuo hajichagulii timu. Kila Aprili kuna drafti ya siku tatu, raundi saba, na timu zinachagua vijana kwa zamu. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inachagua wa kwanza, bingwa anachagua wa mwisho katika kila raundi. Kuna wanaoingia kwa mlango wa nyuma, kama Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akajiunga na Colts mwaka 2013 bila drafti yoyote. Lakini mlango mkuu ni huo.

Fikiria chama cha mtaani. Kila mwanachama ana zamu yake ya kupokea. Tofauti ni kwamba huku zamu inauzwa. Timu iliyo namba 12 ikimtaka kijana atakayechukuliwa mapema, inampigia mwenye namba 3: nipe zamu yako, chukua yangu, na juu yake chukua zamu yangu ya mwaka ujao na ya mwaka utakaofuata.

Sisi hapa tuna neno la hiyo kitu. Ni kufuliza. Unatumia leo pesa ambayo haijaingia, na ikiingia inakatwa kabla hujaigusa.

Utauliza, mbona wasitoe tu doo kama Chelsea? Kwa sababu NFL ina kikomo cha mishahara. Msimu wa 2025 kila timu ilipewa kikomo cha dola milioni 279.2, iwe ya tajiri au ya tajiri zaidi. Mwenye timu hawezi kumwaga mabilioni akanunua kikosi. Kwa hivyo sarafu ya kweli sokoni ni kesho. Ukitaka kitu kikubwa leo, unalipa kwa miaka inayokuja.

Kwa nini kila mtu anamtaka kwotabeki

Kwotabeki ndiye anayeanza karibu kila mpango wa ushambuliaji akiwa na mpira mkononi. Ana sekunde chache za kusoma ulinzi, kuamua na kurusha, huku majitu yenye kilo zaidi ya 120 yakija kumwangusha. Timu bila kwotabeki mzuri ni matatu bila dereva. Inaweza kuwa na muziki na taa za rangi zote, lakini haiondoki stejini.

Kuna pia hesabu ya pesa ambayo mashabiki wanaijua vizuri. Mwaka 2010, Sam Bradford alichaguliwa wa kwanza akapewa kandarasi ya miaka sita ya dola milioni 78 kabla hajarusha mpira wowote wa NFL. Mwaka 2011 ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana kuweka viwango vya mishahara ya wageni. Cam Newton, aliyekuwa wa kwanza mwaka huo, akapata dola milioni 22 kwa miaka minne.

Linganisha na Dak Prescott wa Cowboys, ambaye kandarasi yake ya 2024 inamlipa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka mmoja. Ukimpata kwotabeki mzuri akiwa bado kwenye mshahara wa mgeni, zile mamilioni unazookoa unanunulia watu wa kumzunguka. Hiyo ndiyo dhahabu kila shabiki anaitafuta usiku na mchana.

Mpaka hapo, wako sawa. Makosa yanaanza kwenye bei.

Hesabu ya juu ya karatasi

Miaka ya mwanzo ya 1990, Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson walitengeneza jedwali la kuipa kila zamu pointi, ili wasipunjwe wakibadilishana. Zamu namba 1 ina pointi 3,000. Namba 2 ina 2,600. Namba 10 ina 1,300, namba 16 ina 1,000, na namba 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza, ina 590. Timu nyingi siku hizi zina majedwali yao, lakini mashabiki bado wanapenda hili la zamani.

Ona jinsi linavyoteremka kwa kasi. Ukiwa na namba 10 na namba 16 ukazijumlisha, una 2,300. Bado hujafika namba 1. Kwa hivyo shabiki wa Jets anayesema, "Tuna zamu mbili za raundi ya kwanza mwaka huu, tupande," asisahau hii: siku ile ya dili, Colts walikuwa wameshinda mechi 7 na kupoteza 2. Timu ikishinda, zamu yake inasukumwa nyuma. Zamu mbili za raundi ya kwanza zinaweza kulingana kwa jina tu.

Wanauchumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, waliichunguza soko hii kwa miaka. Thaler ndiye yule aliyeshinda Nobeli ya uchumi mwaka 2017. Walichokuta ni kwamba timu hulipa kupita kiasi kwa zamu za juu kabisa. Sababu yao kubwa haihusu futiboli hata kidogo. Kila meneja anajiamini mno. Anaona macho yake yanaona kile ambacho wengine 31 hawaoni.

Mimi niliachia chuo katikati, kwa hivyo huwa namshuku mtu yeyote anayeniambia anajua thamani ya kijana wa miaka 21 kwa kuangalia karatasi yake. Lakini usinisikize mimi. Sikiza rekodi.

Waliopanda, ngazi ikawaponyoka

Washington, 2012. Walitoka namba 6 hadi namba 2 kumfuata Robert Griffin III. Rams walipewa ile namba 6, zamu ya raundi ya pili, na zamu za raundi ya kwanza za 2013 na 2014. Griffin alikuwa moto. Alikuwa mgeni bora wa mwaka upande wa ushambuliaji na Washington wakaingia mchujo. Januari 2013, goti lake likaharibika katika mechi ya mchujo dhidi ya Seattle. Msimu uliofuata Washington walishinda mechi 3 tu, kumaanisha zamu yao ilikuwa ya pili kwa ubora katika drafti nzima. Lakini haikuwa yao tena. Ilikuwa ya Rams.

Desemba 2014 timu hizo zikakutana. Rams wakawatuma wachezaji sita waliotokana na dili ile wakawe manahodha wakati wa kurusha sarafu. Kisha wakashinda 24-0. Mtu akikufanyia hivyo mtaani, unahama.

San Francisco 49ers, 2021. Walitoka namba 12 hadi namba 3. Walitoa zamu tatu za raundi ya kwanza, ukihesabu ile namba 12 yenyewe, na moja ya raundi ya tatu. Wakamchukua Trey Lance kutoka chuo cha North Dakota State. Lance alianza mechi nne tu. Mechi ya pili ya msimu wa 2022 kifundo cha mguu kikavunjika, na Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne.

Na ni nani aliyechukua nafasi? Brock Purdy. Alichaguliwa mwaka 2022, namba 262, wa mwisho kabisa katika drafti nzima. Huko Marekani kijana wa mwisho hupewa jina la utani la mtu asiye na umuhimu. Asiye na umuhimu akawafikisha 49ers kwenye Super Bowl ya Februari 2024, wakapoteza kwa Kansas City Chiefs katika muda wa ziada, 25-22. Mei 2025 akasaini kandarasi ya miaka mitano ya dola milioni 265.

Carolina Panthers, 2023. Hii ndiyo ya kuuma. Walitoka namba 9 hadi namba 1, mali ya Chicago Bears. Walitoa hiyo namba 9, zamu ya raundi ya pili, ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na juu ya hayo yote mdakaji wao bora, DJ Moore. Wakamchukua Bryce Young.

Fikiria vizuri walichofanya. Wamemleta kijana wa kurusha mpira, na katika bei wamemtoa mtu bora wa kuudaka. Young aliangushwa mara 62 msimu huo. Kocha Frank Reich alifutwa baada ya mechi 11. Panthers wakamaliza na ushindi 2 na vichapo 15, wabaya kuliko wote, na zamu namba 1 ya 2024 ikaenda kwa Bears, ambao walimchukua Caleb Williams. Na CJ Stroud, aliyebaki namba 2 akaenda Houston Texans bila wao kupanda popote kumtafuta, akawa mgeni bora wa mwaka upande wa ushambuliaji.

Young alikuwa na miaka 22. Huyo ni mtu wa rika lako. Aliambiwa yeye ndiye mkombozi, akapewa nyumba ambayo mabati yalikuwa yameuzwa kulipia nauli yake ya kuja.

Waliopanda wakafika

Usidhani nakuchagulia mifano mibaya tu. Wapo waliopanda wakapata mali.

Chiefs, 2017, walitoka namba 27 hadi namba 10 kumfuata Patrick Mahomes. Bei: ile namba 27, zamu ya raundi ya tatu na ya raundi ya kwanza ya 2018. Leo hiyo bei inaonekana ya bure. Lakini angalia alikofikia. Chiefs walikuwa wametoka kushinda mechi 12 msimu wa 2016. Walikuwa na kocha Andy Reid na kwotabeki mzoefu, Alex Smith. Mahomes alikaa benchi akijifunza, akaanza mechi moja tu msimu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi.

Buffalo Bills, 2018, walitoka namba 12 hadi namba 7 kwa Josh Allen, wakilipa hasa kwa zamu mbili za raundi ya pili. Hawakuuza zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka mwingine kupanda ngazi hiyo. Na walikuwa wametoka kuingia mchujo msimu uliotangulia, mara ya kwanza baada ya miaka 17. Allen alikuwa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2024.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Jared Goff. Mwaka 2016 Rams, walewale waliowacheka Washington, walipanda kutoka namba 15 hadi namba 1 kumchukua. Msimu wake wa kwanza alianza mechi saba akapoteza zote saba. Watu wakasema ni gunia la hewa. Kocha Jeff Fisher akafutwa, akaja Sean McVay, na msimu wa 2017 Rams wakashinda mechi 11. Februari 2019 Goff alikuwa anacheza Super Bowl.

Mkono ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kocha, mpango na watu wa kumlinda.

Ukiziweka hizi hadithi mezani pamoja, utaona jambo ambalo jedwali la pointi haliwezi kukuonyesha. Bei peke yake haiui. 49ers walilipa bei mbaya kuliko Chiefs, wakakosea mtu kabisa, na bado wakafika Super Bowl, kwa sababu nyumba yao ilikuwa imesimama. Panthers walilipa, na ile bei yenyewe ndiyo ikabomoa nyumba.

Sasa rudi kwa Jets

Jets wanasema kila mwaka kwamba kinachokosekana ni kwotabeki. Twende kwenye rekodi yao wenyewe.

Mwaka 2009 walipanda kutoka namba 17 hadi namba 5 kwa Mark Sanchez. Hakuwa bora, lakini nyuma yake kulikuwa na ulinzi wa kutisha, na misimu miwili mfululizo walifika hatua moja tu kabla ya Super Bowl. Nyumba ilisimama, kijana wa kawaida akaishi ndani.

Mwaka 2013 wakamchukua Geno Smith raundi ya pili. Akashindwa, akaondoka. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2022, Geno akaipeleka Seattle Seahawks mchujoni na kupewa tuzo ya mchezaji aliyerudi kwa kishindo.

Mwaka 2018 walipanda tena, kutoka namba 6 hadi namba 3, kwa Sam Darnold. Gharama ilikuwa namba 6 yenyewe na zamu tatu za raundi ya pili. Akashindwa, akaondoka. Msimu wa 2024 Darnold akaiongoza Minnesota Vikings kushinda mechi 14. Na sasa unajua yuko wapi? Seattle, na anang'aa.

Mwaka 2021 wakamchukua Zach Wilson namba 2. Akashindwa. Mwaka 2023 wakamleta mzee mzima Aaron Rodgers kutoka Green Bay. Mchezo wa nne wa mechi yake ya kwanza, kano ya kisigino ikakatika. Machi 2025 wakamsaini Justin Fields kwa miaka miwili na dola milioni 40. Huyo Fields naye, kama hukujua, ni kijana ambaye Bears walipanda kutoka namba 20 hadi namba 11 kumchukua mwaka 2021, kisha wakamwacha aende. Siku ile Jets walipouza Gardner na Williams, walikuwa wameshinda mechi moja na kupoteza saba.

Sasa niambie wewe. Mtu akihamia keja yako akaugua kifua, akihama anapona, na mwingine akija anaugua vilevile, utaendelea kusema wapangaji ndio wabovu? Hiyo nyumba inavuja, mazee. Makocha wanabadilishwa, mameneja wanabadilishwa, ukuta wa mbele hausimami, na kila kijana anayeingia anaambiwa aokoe kila kitu kwa mkono mmoja.

Kocha Aaron Glenn na meneja mkuu Darren Mougey wako kwenye msimu wao wa kwanza. Kuuza mastaa wawili kunaonyesha walau wanajua hawakaribii ubingwa. Hiyo ni akili. Hatari ni shinikizo la mashabiki na la mwenye timu liwageuze, wachukue zile zamu tano wazichome katika usiku mmoja.

Majina ya Agosti si majina ya Novemba

Kuna jambo lingine linalonifanya niogope hizi drafti za kubuni. Agosti 2025, kabla msimu wa vyuo haujaanza, midomo ilijaa Arch Manning wa Texas, Drew Allar wa Penn State na Garrett Nussmeier wa LSU. Kuna waliokuwa tayari kuuza kila kitu kwa ajili yao. Allar akavunjika kifundo cha mguu Oktoba. Wale wengine wawili wakaanza kuyumba. Kufikia Novemba watu wanaimba Fernando Mendoza wa Indiana, Ty Simpson wa Alabama na Dante Moore wa Oregon.

Miezi mitatu tu. Na shabiki yuleyule, kwa sauti ileile ya uhakika, anakuambia safari hii hakosei. Kijana anaweza hata kuamua kubaki chuo mwaka mwingine, kwa sababu siku hizi wachezaji wa vyuo wanalipwa kihalali, na wewe ushauza mifugo kwa ajili ya harusi ambayo bibi harusi hajasema ndiyo.

Ukisikia tetesi, uliza maswali matatu

Kwa hivyo kuanzia sasa hadi Aprili, kila utakapoletewa mpango wa kupanda, usibishane kuhusu jina la kijana. Uliza hivi.

Kwanza, bei inatoka wapi? Ikitoka kwenye zamu za ziada za raundi ya pili na ya tatu, kama Buffalo, sikiliza. Ikitoka kwenye raundi za kwanza za miaka miwili ijayo, shika mfuko. Mbaya zaidi ni ikimtoa mdakaji au mlinzi ambaye huyo kijana atamhitaji.

Pili, nani atamlinda na nani atadaka? Kama jibu ni "tutaona," basi tayari umeona.

Tatu, je, anaweza kungoja? Mahomes alingoja. Timu ambayo haiwezi kumpa kijana muda wa kujifunza huwa inatafuta muujiza. Inauita mpango tu.

Najua jibu la shabiki wa Jets, na lina uzito. Atasema: tumengoja tangu Joe Namath aliposhinda Super Bowl Januari 1969. Tukikaa na zamu tukatazama, zitaoza. Ni kweli pia kwamba zamu peke yake haikupi ubingwa. Rams walipokea mzigo wote wa Washington na bado hawakupata msimu mmoja wa ushindi zaidi ya vichapo mpaka 2017, McVay alipofika. Mbegu bila mkulima huliwa na panya.

Lakini hakuna anayewaambia Jets wasichague kwotabeki. Zamu yao wenyewe, kwa jinsi msimu unavyokwenda, itakuwa ya juu bila kumlipa mtu chochote. Akifika kijana wanayemwamini, wamchukue pale walipo. Zamu ya Colts wanunulie ukuta wa mbele au mdakaji. Wasipompata wa kuaminika 2026, mwaka 2027 watakuwa na zamu tatu za raundi ya kwanza na nyumba yenye paa, na hapo wakitaka kupanda, watapanda wakijua wanampeleka kijana wapi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Jets wamekuwa na pupa miaka mingi, na utamu wameuonja kupitia runinga, wachezaji wao wa zamani wakiula Seattle na Minnesota.

Sisi tunaotazama kutoka Nairobi, Jumapili kuanzia saa tatu usiku, hatuna zamu ya kuuza. Lakini huo ugonjwa tunaujua. Tunausikia kila Januari na kila Agosti: leteni straika mmoja tu, kila kitu kitakaa sawa. Tunausikia hata nje ya mpira, mtu akiuza shamba la mama ili anunue gari moja litakalobadilisha maisha, bila kujua mafuta yatatoka wapi.

Aprili, Jets wakiitwa jukwaani Pittsburgh, angalia kwanza kama zamu ya Colts bado ni yao. Wakiwa nayo, kuna kijana mmoja mahali fulani ambaye amepona kufikia nyumba isiyo na mabati.